Mkojo wa Mtani

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Keshokutwa napimwa tena. Lo! Wiki iliyopita Daktari Yahaya alichemsha mkojo wangu pamoja na dawa yake ya buluu, ukageuka mwekundu kama tofali. Ikibaki buluu, mtu hana ugonjwa. Tofali ni kisukari. Akasema sukari hiyo haiishii kuharibu miguu, hupanda mpaka moyoni, na nikirudi na tofali nitalazwa nidungwe sindano kila asubuhi. Sindano! Mimi Dionis, ninayekimbia hata mbu!

Tangu siku ile nakula kwa adabu. Isipokuwa asali. Asali ni kazi yangu, na utanunuaje bila kuonja? Debe la leo limetoka Lusu, nimelionja kwa uaminifu mkubwa. Apolinaria, mke wangu, kanikuta nalamba kijiko. Kasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamjibu sijaficha kitu, kijiko si hiki hapa.

Jumanne, 4 Agosti

Nimepata akili. Shomari! Mshonaji wa mtaa wa Chemchem, Mzaramo, mtani wangu. Sisi Wanyamwezi tunataniana na Wazaramo tangu babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo. Mtani akiomba humnyimi, akikutukana hukasiriki. Krismasi alininyang'anya kofia mlangoni mwa kanisa, akaivaa mpaka Kwaresima.

Basi nikamwomba mkojo. Nikasema wa kutilia mche wa mpapai. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanijazia chupa. Akasema mpapai huo ukizaa, matunda yote ni Wazaramo. Halafu akanywa kata mbili za maji. Siku hizi ana kiu sana yule. Kakonda pia. Anasema ni vumbi la kiangazi.

Jumatano, 5 Agosti

Niliingia kwa daktari kifua mbele. Mkojo ukawekwa motoni. Kijani. Njano. Tofali! Tena tofali lililoiva. Daktari akasema hajaona sukari nyingi hivi tangu aje Tabora, akashangaa nasimamaje. Nilazwe Jumatatu.

Nimehukumiwa sindano kwa mkojo wa mtu mwingine! Nilinung'unika njia nzima hadi sokoni. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Ule mkojo ni wa Shomari. Basi mgonjwa ni Shomari. Naye hajui!

Nikisema, watu wote watajua nilichofanya. Sijasema. Naona haya hata kuandika.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda kumwambia. Nilimkuta barazani na wenzake, anakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari. Nikasema Shomari, una kisukari, nenda hospitali. Baraza zima likaangua kicheko. Akasema sijapata kutania vizuri hivyo tangu nizaliwe, akaongeza kijiko cha tano kwa heshima yangu. Nikaapa kwa Bikira Maria. Wakacheka zaidi. Mtani akiapa, nani atamwamini?

Sikutaja chupa. Ningeitaja angeamini. Nilirudi nyumbani nikijiambia nimeshasema, basi. Uongo mtupu. Sahani ya chakula niliisukuma kando. Ila kionjo kidogo cha kazi.

Ijumaa, 7 Agosti

Batuli, mke wa Shomari, kaja asubuhi analia. Mumewe kashindwa kutunga uzi, macho yana ukungu, kisha kaanguka kando ya cherehani. Hospitali hataki. Asema akienda, Dionis atakuwa kamshinda utani. Jamani! Mtu afe ili nisishinde!

Nikakimbia kwa Daktari Yahaya. Foleni nzima inasikiliza, Apolinaria yuko nyuma yangu, nikasema: mkojo wa Jumatano ulikuwa wa Shomari. Halafu mmoja akacheka. Halafu wote. Apolinaria akajifunika khanga usoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari hakucheka. Tukaenda na machela. Shomari akaniuliza mpapai uko wapi. Nikasema hakuna mpapai. Akaniangalia. Akajilaza kwenye machela mwenyewe.

Jumapili, 9 Agosti

Shomari ameinuka kitandani! Sindano zinamfaa. Daktari kasema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunachimba kaburi. Wodi nzima inaniita Bwana Mpapai. Kanisani pia. Aliyeanzisha ni Shomari, na siwezi kukasirika.

Nilimwomba radhi, machozi yananitoka kweli. Akanishika mkono. Akasema Batuli kamletea halua kwa kusahau, naye amekatazwa, basi nimtunzie.

Nimeitunza. Nusu iko kabatini. Nusu nyingine haitaharibika tena.

Kesho napimwa upya. Nimemwapia daktari, na Apolinaria, na Padre, kwamba safari hii naleta mkojo wangu mwenyewe. Hata hivyo jioni nimepita kwa Kasimiri, fundi baiskeli wa Cheyo. Mtu wa miraba minne, maji hanywi ovyo, nimemkalia saa nzima nikihakikisha. Nimemwambia nina mche wa mlimau.