Dakika Arobaini na Moja za Kuombwa Radhi

Mtaa wa Mill, nyumba 14,
Todmorden.
21 Machi, 1968

Ndugu Mkuu wa Vipindi vya Televisheni,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa mwezi huu heshima yenyewe imenipungua kidogo. Mimi ni Bi. Hilda Ormerod, mke wa Wilf Ormerod, fundi umeme mstaafu. Nalalamikia jioni ya Alhamisi, tarehe 29 Februari. Saa mbili na dakika ishirini mitambo yenu iliharibika katikati ya mchezo wa polisi, mkatuwekea kile kibao cha kuomba radhi, na muziki wa kinanda, kwa dakika arobaini na moja. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Madhara yake ni haya:

1. Nyumba yangu ina sheria moja: kipindi kikiwa hewani, hakuna kuongea. Niliiweka siku ya kutawazwa Malkia, Wilf alipoanza kuwaeleza wageni kumi na saba jinsi picha inavyosafiri hewani, taji lenyewe likatupita. Kituo kile kingine kina matangazo ya biashara, na watu huyatumia kuongea. Jirani yangu Doreen Clegg hutazama huko. Yeye na mumewe huongea kila robo saa, na wana watoto saba. Sisi tumeshikamana na ninyi msio na matangazo, na miaka yote hiyo nyumba imetulia tuli.

2. Kibao kilipotokea hatukuzima. Wilf anasema kuzima na kuwasha kunaua taa za ndani ya televisheni. Isitoshe, mtu akikuomba radhi humpi kisogo. Basi tukakaa tunakitazama, vikombe mkononi. Dakika ya tisa Wilf akakohoa. Ya kumi na mbili akasema mvua itanyesha. Hapa kwetu mvua si habari, inanyesha tu, kwa hiyo nilipaswa kujua kwamba mwanamume huyu anapasha koo moto.

3. Matumbo. Tangu tuoane, miaka thelathini, kila Alhamisi nampikia Wilf matumbo kwa vitunguu na maziwa. Dakika ya ishirini alinijulisha, tena kwa upole, kwamba hajawahi kuyapenda. Aliyala Alhamisi ya kwanza kwa sababu nilikuwa namwangalia, na baada ya hapo akaona haya kurudi nyuma. Ndugu Mkuu, hizo ni Alhamisi zaidi ya elfu moja na mia tano! Mitambo yenu ingekuwa mizima, mume wangu angezikwa akiwa mpenzi wa matumbo, nami ningelia kwa amani.

4. Alicheka. Alikumbuka upepo ulivyoninyang'anya kofia pale Blackpool, siku ya pili ya ndoa yetu, naye akaingia baharini na suruali yake ya harusi kuifuata. Nami nikacheka, nakiri. Doreen akagonga ukuta kuuliza nani anaumwa.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Dakika ya arobaini Wilf alisogeza kiti chake karibu na changu, akaweka kikombe chini, akasema: "Hilda, kuna jambo nataka kukwambia tangu siku ile tulipomzika mama yako."

Picha ikarudi. Polisi wenu akaendelea kumkimbiza mwizi wa kondoo, na Wilf, kama sheria inavyotaka, akafunga mdomo. Mama tulimzika mwaka 1949. Leo ni wiki ya tatu, na jambo lenyewe sijaambiwa. Kumwuliza siwezi. Sheria ni yangu, nimeilinda mbele ya watu. Mchana yuko bandani na njiwa wake, na kwa jinsi wanavyoniangalia, nadhani wao wameshaambiwa. Silali, Ndugu Mkuu. Nageuka huku, nageuka kule.

Kwa hiyo nadai mitambo isiharibike tena kamwe. Nadai pia kibao kile kifutwe, awekwe mtu wa kusoma namba za simu bila kupumua, mume yeyote asipate upenyo. Vilevile wimbo wa taifa usifunge vipindi, maana baada yake kuna kimya, na kimya ndicho kilichotufikisha hapa. Nimeshamwandikia mbunge wetu kwamba kukatika kwa picha kuwe kosa la jinai.

Nisalimie wasomaji wa habari wote, kasisi anayetoa neno la mwisho usiku, na yule fundi wenu ambaye bila shaka alilala kazini, kama bado ana kazi.

Mimi niliyekosa usingizi,
Bi. Hilda Ormerod

N.B. Alhamisi ijayo, saa mbili na dakika ishirini, Wilf atakuwa kitini pake. Nilifikiria kuchomoa waya mwenyewe, lakini atakwenda kuchukua bisibisi, na Wilf akishika bisibisi hana neno kwa mtu. Lazima mitambo iharibike huko kwenu. Nakuomba sana, baba, zamu iwe ya fundi yuleyule. Na safari hii mtupe saa nzima, kwani mume wangu huchelewa kuanza. Kwa chakula cha Alhamisi hiyo nimeshaagiza samaki.