Kisutu Pwani ya Uholanzi

Ijumaa, 2 Agosti

Rasha kampungia mkono baba yake sasa hivi. Si baba yake, ni meli ya mchanga. Lakini mazoezi ni mazoezi! Kila chombo kinachopita anakiita "Baba", na hapa vinapita kama watu Darajani siku ya kuamkia Idi. Mkondo wa meli uko karibu na nchi kavu hata mtu aliyesimama juu ya tuta la kuzuia bahari anaweza kumuona baharia anachokonoa meno.

Wifi yangu Shahida, dada yake Himid, kaolewa kijiji hiki. Jina la kijiji sijaweza kulitamka, koo halitaki. Kanialika nije kupumzika. Nikajibu alhamdulillah, nnakuja kupumzika. Uongo! Nimekuja kwa kuwa Jumapili meli ya Himid itapita hapa kwenda Ubelgiji. Mume wangu aliondoka mimi nna mimba. Bandarini tumeomba kibali cha kumuona, tumekataliwa. Kwenye simu keshamuona mwanawe, lakini simu si macho.

Silaha yangu imo sandukuni: kisutu cha harusi yangu. Chekundu cha kuwaka. Ni kanga, na doti ina vipande viwili. Kimoja alikwenda nacho Himid, kimoja ninacho mimi. Kikipepea tu, atajua ni sisi.

Jumamosi, 3 Agosti

Majaribio. Nimetundika kisutu dirisha la juu. Wifi kakishusha. Kasema majirani watadhani tumefungua duka. Nikamwambia si nguo hiyo, ni alama. Kaniuliza tangu lini nimekuwa mnara wa taa. Ana maneno wifi yangu! Kumbe baridi ya huku haigandishi ulimi.

Halafu nikapita jikoni, nikamkuta kauzamisha uso wake mzima ndani ya kisutu. Bado kina udi wa mama. Akaniuliza, hali kanipa mgongo, kama Mkokotoni bado wanauza mkate wa ufuta ule ule. Nikasema ndio. Akanirudishia, akaniamuru nikirejeshe sandukuni. Nikakitia mkobani.

Nyumbani Malindi, pale karibu na Darajani, boti ikipiga honi, mama hajui kuchungulia dirishani. Anajua tu ni boti gani, anabandika chai. Mimi mdogo nikidhani boti zinamuomba chai. Hapa meli zinapita kubwa kama majumba ya Michenzani yameng'oka yanakwenda zao, na hazisemi kitu. Ukiinama kufunga kiatu cha mtoto, imepita.

Jumapili, 4 Agosti

Aibu! Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Pwani ilijaa watu, wekundu kama kamba waliochemshwa. Mbele ya kibanda cha walinzi wa waogeleaji nikaona nguzo nyeupe, ndefu, tupu, na kamba yake. Nguzo tupu ni riziki! Mlinzi kaenda kununua aiskrimu. Nikafunga kisutu, nikavuta, kikapanda kama bendera ya serikali. Moyo wangu ukapanda nacho.

Kumbe huku kitu chekundu juu ya nguzo ile maana yake bahari ina hatari, tokeni majini. Wakatoka! Wote! Bibi mmoja kamburura mumewe kwa mguu. Mimi nikadhani wameipisha meli kwa heshima. Nikawapungia mkono, nikawaambia ahsanteni.

Mlinzi, mwanamke mpana kama kabati la harusi, karudi mbio, aiskrimu inamtiririka mpaka kiwikoni. Kasema mengi. Wifi kanitafsiria machache, mengine kasema ni ya watu wazima. Nimeapishwa mbele ya kijiji kizima kuwa nguzo ile sitoigusa tena.

Na katika ghasia ile, meli ikapita. Buluu, kubwa, jina lake naliona. Nikamuinua Rasha juu ya kichwa. Bahari yote tupu, ukingoni sisi wawili tu, na kisutu. Tusingeonekana vizuri zaidi hata kwa kulipia! Hakutoka mtu sitahani.

Himid katuma ujumbe baadaye. Wamembadilishia zamu, alikuwa chini kwenye injini, hakuona hata maji. Kauliza Rasha alivaa gauni gani. Hapo nikalia. Rasha kanifuta machozi kwa biskuti.

Meli inarudi Jumatano alasiri. Kaahidi atasimama mbele kabisa, kama mkubwa wake ataridhia.

Jumanne, 6 Agosti

Jana wifi hakusema nami ila kwa kupitia mtoto. Rasha, mwambie mama yako chai tayari. Rasha, mwambie mama yako asitundike kitu.

Leo kapika samaki wa nazi. Nazi ya kopo, masikini, lakini nimesifu. Akalegea. Kasema alipokuja bibi harusi, kila jioni alisimama kwenye tuta akijiuliza ipi katika meli hizi itafika kwetu. Siku moja akaacha. Kesho, kasema, tutasimama tutani kiungwana, mikono mitupu, bila vituko. Nikasema inshallah.

Jumatano, 7 Agosti

Nimejifunza. Mwanamke mtulivu ndiye anayeonekana.

Sasa, niliapa sitoigusa nguzo ile. Ile! Mkahawa wa samaki una nguzo yake, ndefu zaidi, na mwenyewe mchana husinzia. Kisutu nshakificha chini ya godoro la kigari cha mtoto. Meli ni alasiri, wakati uko tele. Nitamwambia wifi nnakwenda kununua maziwa, nitazunguka nyuma, nitamkalisha Rasha juu ya

Wifi ananiita kutoka juu. Naam! Ngoja nimalize. Anaita tena, sauti yake siijui leo. Anasema Mwatum we, meli buluu imewahi, ndiyo hiyo inapita, na mbele kabisa kuna mtu anapunga kitu chekundu. Anasema dirisha keshalifungua, nilete mtoto, nilete na kisutu. Kisutu! Naja, wifi, naja, kigari nimekiacha nje kwa