Kiti cha Dada

Jumatatu, 3 Machi
Kamati ya Abiria imefanya uchaguzi. Nimekosa uenyekiti, kura kumi na tisa kwa moja. Hiyo moja ni yangu. Hata dada yangu wa tumbo moja kampigia Mama Cherehani, fundi nguo wa pale kona, na hakuona haya kuniambia. Eti Mama Cherehani anasikiliza watu. Na mimi je? Miaka ishirini natengeneza saa, nasikia hata sekunde ikichechemea!

Tunachodai ni haki. Basi liwe na ubao wa kupandishia viti vya magurudumu, na kiti kisitozwe nauli kama gunia. Alhamisi afisa wa halmashauri atakuja kituoni kuhesabu wenye shida hiyo. Mama Cherehani kasema kila mtu aje alivyo. Alivyo! Ndivyo mambo yanavyoharibika.

Jumanne, 4 Machi
Siku ya mashine. Figo za Dada zimegoma, miguu nayo imemwishia nguvu, kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa lazima afike hospitali akasafishwe damu. Makondakta wanatukataa. Ngazi ni ndefu, kiti kinaziba njia. Nimemsukuma saa moja na nusu, malori yakitumwagia vumbi. Dada alikuwa mwalimu wa hesabu, huhesabu mashimo ya barabarani kwa sauti ili nicheke. Leo yamefika thelathini na moja. Wakati wa kurudi hakuhesabu kitu. Nikamfunika shuka mabegani. Niliogopa sana.

Jambo hili nitalimaliza mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mpango tayari. Dada hafai kuhesabiwa. Nampenda, lakini ukweli usemwe: anavaa hereni, anacheka na kila mtu, na akimwona afisa atamsahihishia hesabu zake. Nani atamhurumia? Rafiki yangu kinyozi, yeye ana uso wa msiba hata siku ya harusi yake. Atakaa yeye. Dada nimemwambia nakipeleka kiti kikatiwe mafuta. Akanitazama kidogo, akasema sawa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa.

Kinyozi alianza vizuri mno. Alikohoa bila kuambiwa. Afisa akaguna kwa huruma, akafungua daftari. Mama Cherehani akaninong'oneza, kiti kile ni cha nani? Nikajifanya natazama saa. Mara mteja akatokea ng'ambo ya barabara, akakuta duka la kinyozi limefungwa, akageuka kuelekea kwa kinyozi mwingine. Rafiki yangu alinyanyuka! Akavuka barabara mbio, akipaza sauti kwamba yupo, asiondoke. Kiti kikateremka chenyewe hadi mtaroni. Gurudumu likapinda.

Nilichungulia daftari. Afisa kaandika: "Mwenye ulemavu mmoja. Amepona saa nne na dakika kumi." Akafunga kalamu, akaondoka.

Mzee wa magongo hakuhesabiwa. Wala mama aliyembeba mgongoni binti yake mkubwa asiyetembea. Walikuwa wamefika tangu saa moja. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya mashine, na kiti hakiendi. Nimehangaika nacho tangu alfajiri kwa bisibisi za saa. Miguu ya Dada imevimba. Muuguzi alishatuonya kwamba kukosa hata mara moja ni hatari, na zamu ya Dada ni saa nne kamili.

Saa mbili Mama Cherehani akaingia na wanawake watano wa kamati. Hakunisalimu. Wakamkalisha Dada kwenye kiti cha cherehani, wakambeba hadi kituoni. Mimi nyuma, nimekumbatia gurudumu.

Kondakta akakataa, kama kawaida. Ndipo abiria waliokuwa ndani wakasema basi haliondoki bila mwalimu. Nusu yao aliwafundisha kugawanya. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyeshuka. Dakika ishirini! Dereva mwenyewe akashuka kusaidia kumwinua. Pembeni alisimama yule afisa, Mama Cherehani alikuwa amekwenda kumbembeleza arudi. Safari hii aliandika kurasa tatu.

Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ndani ya basi Dada aliniuliza kwa nini sikumwomba yeye akae kwenye kiti chake. Nikasema jua lilikuwa kali.

Aliwahi zamu yake.

Jumatano, 12 Machi
Barua imekuja! Kuanzia Ijumaa, basi lenye ubao, majaribio ya mwezi mmoja, na kiti bure. Kamati imeshangilia mpaka cherehani zikasimama. Wamemshukuru Mama Cherehani, wamemshukuru Dada, wamemshukuru hata dereva. Mimi sikutajwa. Ila nisingekipindisha kiti, nani angebebwa? Afisa angeandika nini?

Ijumaa mpiga picha wa gazeti atakuwepo, na wanataka Dada awe wa kwanza kupanda. Keshanunua hereni mpya. Amenionyesha, akacheka, na nikafurahi kumwona akicheka. Lakini nimefikiri jioni nzima. Picha yenyewe ndiyo itakayoamua kama mwezi mmoja utakuwa miaka, na hereni zile zitatuponza.

Kinyozi ameomba msamaha. Safari hii duka atamwachia shemeji yake. Gurudumu limenyooka, breki nimefunga mpya. Ni dakika kumi tu. Dada atasubiri kwenye kigoda mlangoni.

Nitamwambia kinakwenda kutiwa mafuta.