Ofisi Si Mgeni

Kwa faida ya taifa, Idara ya Mwendo wa Watoto ilitangaza kwamba kila mtoto ambaye hajafikia umri wa shule atapimwa uchezaji wake nyumbani, akiwa huru kabisa, mbele ya mtumishi wa serikali. Atakayebainika hachezi ataitwa Mtoto Tuli, na Mtoto Tuli haandikishwi chekechea.

Modesta hakuwa na wasiwasi. Binti yake Kashindye, wa miaka minne, alishavunja kochi, vikombe na jino lake mwenyewe. Huyo naye wa kupimwa?

Mratibu Nathaniel wa Idara akapanda mawe ya mtaa wa mlimani wa Kirumba na tai yake hadi mlangoni. Akamfunga mtoto kiunoni kidude kama saa, cha kuhesabu mwendo, akajimwaga kwenye kochi, akatamka kirasmi:

"Mtoto, cheza."

Kashindye akatoa shikamoo, akakaa mkekani, akakunja mikono. Nzi akatua puani. Akamwacha, kwa adabu.

Modesta akasogea mkekani. Chekechea ilikuwa ikiponyoka anaiona, na aliyemfundisha mtoto kutulia ni yeye.

"Cheza basi, mama," akambembeleza.

"Si ulisema mgeni akija nitulie? Ukasema utanifinya."

"Hilo la kufinya ni utani tu, mzee," Modesta akamwambia Mratibu.

Mratibu akakohoa. "Dalili za utuli ziko bayana. Na kauli irekebishwe: mimi si mgeni. Ofisi haiwezi kuwa mgeni katika nyumba ya mwananchi. Ofisi ni mwenyeji kila mahali."

Mama mkwe wa Modesta, Dorotea, alikuwa kizingitini akichambua dagaa. Akainua kichwa.

"Kumbe wewe ni wa humu humu?"

"Kabisa, mama."

"Basi, baba, ndoo ile pale. Bomba liko chini huko, mwisho wa mawe. Mtu wa nyumbani hakai kwenye kochi na pipa liko tupu."

Mratibu akatafuta kifungu cha kanuni. Hakikuwepo. Akabeba ndoo.

Kashindye akamsindikiza kwa macho, kisha akamgeukia mama yake. "Kumbe siyo mgeni!"

Akachomoka. Jiwe hadi jiwe kama mwanambuzi, anampita Mratibu, anarudi, anamzunguka: "Babu, haraka!" Kidude kikalia, kikalia, kikanyamaza chenyewe. Kilikuwa kimeshiba.

Wakati wa kupanda, Mratibu aliishia katikati, kakaa juu ya jiwe, tai begani, nusu ya maji iko viatuni. Simu ikaita. Mkurugenzi.

"Niko uwandani, mheshimiwa. Kazi inasonga."

"Muongo!" Kashindye akapaza sauti. "Amekaa!"

Modesta akashuka hadi pale. "Na chekechea je, mzee?"

"Amepita, amepita. Nisaidie ndoo."

"Andika kwanza."

Akaandika, goti likiwa meza.

Wiki iliyofuata Idara ikatoa tangazo jipya: baada ya utafiti wa kina, imebainika kwamba watumishi wake ni wageni katika kila nyumba nchini, na kwamba mgeni, kwa mila na desturi zetu, hapewi ndoo.