Ufunguzi Rasmi wa Fremu Namba Tisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya mashauriano mapana imeonekana kuwa ni mimi. Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Kituo, ambaye pia ni mimi, kwa hiyo nitajisalimia mara moja tu ili kuokoa muda. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya maandalizi mlioshindwa kufika kwa sababu ya kutoalikwa. Kiongozi wetu wa kiroho, Mwinjilisti Ezekieli, ninayemwona amesimama kule kwa muuza karanga, sogea mbele baba, upepo huu ni wa wote. Wazee wa mji, wenye fremu hizi za maduka, wapangaji wa fremu, vijana wa bodaboda mliopaki kwa nidhamu. Nanyi ndugu wawili mnaosubiri basi la Kosta la Igwachanya, ambao kwenye taarifa yangu nimeshawaandika kuwa ujumbe kutoka Wilaya ya Wanging'ombe. Mabibi na mabwana, kamwene!

(Sauti chache: "Kamwene." Mmoja wa ujumbe wa Wanging'ombe anauliza kama Kosta imeshapita.)

Kila mtu nimemtaja kwa cheo chake, na ambaye sikumtaja ajitaje kimoyomoyo.

Ndugu wananchi, mimi Anderson, Daktari Mtarajiwa, nimesimama hapa nyuma ya stendi yetu ya Makambako, mbele ya mlango huu wa kijani wenye kufuli, nikiwa nimejawa na bashasha ya kiutumishi, kwa lengo mahsusi la kuzindua Kituo Jumuishi cha Usuluhishi, Upatanishi, Uratibu na Ufuatiliaji wa Migogoro ya Upangaji, ambacho kifupi chake bado kipo kwenye mchakato. (Makofi ya mtu mmoja. Inabainika alikuwa anapasha mikono moto.) Ahsante sana, mama.

Sasa, kwa muktadha wa kuwajengea uwezo wale ambao hawakuwa na taarifa, niseme tulikotoka. Mwezi wa nne mwaka huu walikuja kwangu, pale ofisi ya kata, watu wawili. Wa kwanza ni Mama Dorika, fundi wa kufuma masweta ya shule, mpangaji wa fremu hii namba tisa, yule pale mwenye kitenge cha bluu anayeniangalia kwa mtazamo ambao nauchukulia kuwa ni wa shukrani. (Mama Dorika: "Si shukrani hiyo.") Wa pili ni Mzee Filemoni, mwenye fremu. Wote wawili walikuwa na shida moja: bati lilikuwa linavuja juu ya mashine ya kufumia, na mkataba wao ulisema mwenye fremu atatengeneza kuta na mlango, na mpangaji atatunza vilivyomo ndani. Bati, ndugu zangu, walilisahau. Mzee anasema bati ni la anayenyeshewa. Mama anasema bati ni la aliyelipigilia. Wakaomba niwasuluhishe.

Mtu wa kawaida angetafuta fundi. Lakini mimi nilifanya upembuzi yakinifu. Nikajiuliza, hawa wanagombania nini? Wanagombania fremu. Je, kila mmoja akiikosa, watagombania nini tena? Hamna! Papo hapo nikatoa amri ya kuifunga fremu hadi mgogoro utakapokwisha, nikaweka kufuli hili mnaloliona, na kwa kuwa fremu yenye kufuli na isiyo na mtu ni hatari kwa usalama, nikahamia mimi mwenyewe.

(Minong'ono. Mama mmoja, Tereza, muuza viazi: "Na mali ya mwenzio humo ndani?")

Nafika huko, dada Tereza. Kila swali lina ukurasa wake.

Wapo waliohoji kwa chinichini niliupataje uratibu huu. Nawajibu hadharani kwa sababu mimi ni muumini wa uwazi, kiasi kwamba nimejiwekea utaratibu kuwa barua yoyote inayonifikia nikiwa mbele ya wananchi inasomwa mbele ya wananchi. Niliteuliwa kwa barua. Siku hiyo mkuu wangu wa kazi alikuwa safarini na mimi nilikuwa namkaimu. Nafasi ilikuwa wazi, kwa maana ya kwamba nilikuwa nimeianzisha asubuhi ile. Waombaji walikuwa mmoja. Nilimwita ndani, nikafunga mlango, nikamhoji bila upendeleo wowote, na kuna swali moja la sheria za upangaji lilimtoa jasho hadi nikamhurumia. Hata hivyo alionyesha weledi. Nikasaini kama Kaimu, nikaipokea kama Mratibu, na wakati wa kula kiapo nilishika kitabu kwa mkono huu na kukiinua kwa mkono huu.

(Vicheko. Kijana wa bodaboda: "Ulijipongeza pia, mkuu?") Kwa maandishi.

Tangu hapo, mafanikio yamekuwa ya kutisha. Kabla yangu, eneo hili lilikuwa na mgogoro mmoja wa upangaji. Leo hii hakuna mpangaji hata mmoja anayethubutu kuleta mgogoro hapa, sawa na punguzo la asilimia mia moja, na kwenye dashibodi yangu, ambayo ni daftari, mstari umeshuka mpaka ukatoka nje ya karatasi. Nimefanya vikao arobaini na vitatu vya wadau, akidi ikitimia katika vyote kwa kuwa mdau nilikuwa mimi. Tumeanzisha pia mfumo wa uvunaji wa maji ya mvua, yaani beseni, lililowekwa kimkakati chini ya bati tajwa, na kufikia mvua za mwezi wa tano lilikuwa likijaa mara mbili kwa siku.

(Mzee Filemoni, kwa sauti: "Bati nilishanunua mwezi huo huo wa tano! Tulielewana na Dorika siku ya pili tu. Fundi alikuja, ukamfukuza!")

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli fundi alikuja na ngazi. Lakini hakuwa na kibali cha kupanda juu ya Kituo, na ukimruhusu fundi atengeneze bati, mgogoro unakwisha. Na mgogoro ukiisha, Kituo kinaratibu nini? Lazima tufikirie kitaasisi.

(Mama Dorika anasogea mbele. "Mheshimiwa, leo Ijumaa. Jumatatu shule zinafunguliwa. Humo ndani kuna masweta arobaini ya watoto, yamekwisha, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Nifungulie.")

Mama Dorika, nimekusikia, na kilio chako kipo kwenye mfumo.

("Watoto watatetemeka, baba.")

Ulikata rufaa, na tukumbushane kwa faida ya wadau jinsi ilivyoshughulikiwa kwa haki. Uliileta kwangu, nikaigonga muhuri wa kupokelewa. Nikaipeleka ngazi ya juu, yaani nilisimama, nikazunguka meza, nikaketi upande wa pili. Huko nikaisoma kwa makini na kuitupilia mbali, halafu nikarudi upande huu nikakupa pole. Ni nchi gani nyingine mtu anapewa pole na yule yule aliyemkatalia?

Badala ya kuridhika, mwanamke huyu akafunga safari hadi Iringa, mkataba wake ukiwa kwenye mfuko wa nailoni, akapeleka maombi Mahakama Kuu ili uamuzi wangu upitiwe. Upitiwe! Mpangaji, fundi wa kufuma, anampeleka Mratibu mahakamani! Mara ya kwanza aliomba ruhusa ya kulalamika, akapewa. Mara ya pili akalalamika. Mimi niliitwa mara zote mbili, sikwenda, kwa kuwa nilikuwa ninailinda fremu. Sina kinyongo. Nasema tu kwamba mtu mwenye muda wa kwenda Iringa mara mbili angeweza kuutumia muda huo kufuma masweta mengine.

(Tereza: "Kwa mashine ipi, wakati umeifungia? Tena hilo ulilovaa ni sweta la nani?")

Nani amesema hivyo?

("Mimi Tereza! Hilo sweta lina nembo ya shule! Mikono imekuishia kwenye viwiko!" Kicheko kikubwa. Hata ujumbe wa Wanging'ombe umegeuka kuangalia.)

Ndugu wananchi, utulivu. Utulivu! Hili ni vazi rasmi la Kituo. Nembo ni ya muda. Ni kweli lilitoka kwenye furushi, na ni kweli ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, lakini mimi pia ni binadamu na mwezi wa sita nyote mnaufahamu. Humo ndani kuna baridi inayotoka sakafuni. Mnadhani ni rahisi? Unakaa peke yako kutwa nzima, mbele yako kuna mashine ya mtu imefunikwa shuka, maji yanadondoka kwenye beseni, na unawasikia watu wakipita nje wakicheka, na hakuna anayebisha hodi. Nimekaimu miaka kumi na tisa, ndugu zangu. Nimekaimu hadi watoto wangu wakaanza kuniita Kaimu. Nilitaka mlango mmoja tu ambao mtu akija, amekuja kwangu.

(Muuza karanga ameacha kufunga karanga.)

Tuendelee na ajenda.

(Pikipiki inasimama. Anashuka mtu mwenye helmeti na bahasha ya kaki. "Habari za hapa. Naitwa Timoth, napeleka hati za mahakama. Nani Mratibu wa Kituo?" Umati mzima unanyoosha vidole.)

Karibu, kijana. Wananchi mnaona wenyewe, hata mahakama imetuma salamu za uzinduzi. ("Saini hapa kwanza, mkuu.") Kusaini ni eneo langu la ubobezi. ("Mara moja tu inatosha.") Haya. Nitaisoma baadaye ofisini.

(Umati: "Isome! Uwazi! Isome!")

Naam, ni kweli, utaratibu niliuweka mwenyewe. Basi nasoma. Ananitaja jina langu ukurasa wa kwanza kabisa, Mheshimiwa Jaji, na bila kosa la herufi, jambo linaloonyesha heshima. Anasema... "Mjibu maombi alipewa nafasi ya kusikilizwa na hakutokea." Sahihi, nilikuwa kazini. Anasema "mahakama imetafuta sheria, kanuni, tangazo au hata dondoo ya kikao iliyoanzisha Kituo hiki, na haikuona." Haikuona! Kituo kilichofanya vikao arobaini na vitatu! Anasema tena kwamba "mtu hawezi kujiteua, kujihoji na kujiapisha, wala kusikiliza rufaa dhidi yake mwenyewe, hata akizunguka meza." Sijui nani alimwambia habari ya meza.

(Mama Dorika: "Mimi.")

Na hapa mwisho, kwa wino mzito: "Amri ya kuifunga fremu namba tisa imetenguliwa. Mlango ufunguliwe mara mpangaji atakapoonyesha nakala hii, na chochote kilichochukuliwa ndani kirejeshwe."

(Mama Dorika anainua nakala yake.)

Kwa muktadha huo, ndugu wananchi, nina furaha kutangaza kwamba mgogoro wa fremu namba tisa umesuluhishwa rasmi leo, katika kipindi cha uongozi wangu, na hayo ni mafanikio mengine ya Kituo. (Miluzi.) Tupige kaulimbiu yetu kama tulivyopanga. Nikisema Kituo, mseme Kipo! Kituo!

(Umati: "Hakipo!")

Mratibu!

("Hayupo!")

Dorika!

("Huyoo!")

Hiyo ya tatu haikuwa kwenye ratiba, imenitoka tu.

Sasa nifunge kwa shukrani, kwani mtumishi asiyeshukuru hana pensheni ya moyoni. Namshukuru Mzee Filemoni kwa kuta za Kituo, kwa mlango wa Kituo, na kwa bati la Kituo, hili bovu na lile zima lililoegeshwa nyumbani kwake tangu mwezi wa tano. Namshukuru Mama Dorika kwa meza kuu ya Kituo, ambayo mkiitoa shuka mtakuta ni mashine yake. Kwa kiti cha Mratibu, ambacho ni stuli yake. Kwa beseni la uvunaji wa maji. Kwa dashibodi, ambayo kurasa zake za mwanzo zina vipimo vya mabega ya watoto wenu, na sikuzichana. Na kwa utepe huu niliokusudia kuukata, ambao ni uzi wake wa kijani. Nikiviondoa hivyo, kinachobaki kwenye Kituo ni kufuli. Nalo ni la shemeji yangu, anadai arudishiwe.

Ufunguo ni huu hapa shingoni. Nilikuwa nauvaa kama mkufu wa madaraka. Chukua, mama.

(Kufuli linalia. Mlango unafunguka. Tereza na wengine wanaingia kupokea mafurushi. Mama Dorika anahesabu kwa kidole hewani, akimaliza anatoka mlangoni na kumtazama msemaji. "Yapo thelathini na tisa.")

Mama Dorika, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba hili la arobaini niliwasilishe kesho, likiwa limefuliwa.

("Ni la kaka mkuu wa shule. Mama yake huyu hapa. Vua.")

Mbele ya wadau?

(Umati: "Uwazi! Uwazi!")

Basi. Shika, mama, nembo haijaharibika, kiwiko kimevutika kidogo tu. Makambako oyee. Upepo huu unatokea wapi? Ndugu zangu wa Igwachanya, Kosta yenu hiyo imefika, msiniache peke yangu. Nawashukuru nyote kwa kuja kushuhudia ufunguzi huu, ambao umefunguka kuliko nilivyopanga, na aliyekuja na koti la ziada naomba anione nikishuka jukwaani, yaani nikishuka kwenye kreti hili la soda, ambalo nalo, naambiwa, mwenyewe amekuja kulichukua.