Kuvu Rafiki na Nyanya Isiyonyauka

Mheshimiwa Mwenyekiti uliyeketi, Mheshimiwa Makamu uliyekosa kiti, waheshimiwa wajumbe, wataalamu, wakulima wa nyanya, shangazi yangu mpendwa hapo mbele, na wewe fundi spika unayenikazia macho, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Spika inapiga mluzi.)

Nimesimama hapa, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuwaeleza kuhusu Mradi Mkakati Shirikishi wa Kuvu Rafiki, yaani wale kuvu wema wanaohamia ndani ya mmea, wakaishi humo bila kuudhuru, na ugonjwa wa mnyauko ukibisha hodi wanauambia hapa pamejaa, tafuta kwingine. (Kicheko.) Dawa za kupulizia tulishazipiga marufuku tangu mwanzo wa msimu, ili kuvu wetu wakifika wasikute harufu mbaya. (Minong'ono.)

(Shangazi anasimama: "Mwanangu, shamba langu lote limenyauka! Yamebaki matuta matupu. Hao kuvu wanakuja lini?")

Shangazi, mimi mwanao nyumbani, hapa ni Mheshimiwa. (Kicheko. Shangazi haketi.) Wanakuja? Wamo! Uzuri wa kuvu hawa ni kwamba hawaonekani kwa macho, na mradi wetu umezingatia misingi hiyo hiyo: ofisi haionekani, watumishi hawaonekani, lakini matokeo ya pailoti, yaani majaribio, yamefikia asilimia mia moja na kumi na mbili, na ile kumi na mbili ya ziada ni juhudi zangu binafsi. (Makofi, meza kuu pekee.)

Anayebisha autazame mche huu wa nyanya hapa mezani. Umekaa ofisini kwangu msimu mzima, bila dawa, bila mbolea, bila jua, na hauna hata jani moja la njano! (Shangazi anapanda jukwaani, anaminya nyanya. Haibonyei.) Shangazi, usiguse utafiti!

Kuvu ndani! (Ndani!) Mnyauko nje! (Nje!)

Mwisho kabisa, namshukuru kwa dhati mpambaji wa harusi aliyetuazima mche huu, akasisitiza tuufute vumbi, tusiumwagilie maji maana waya wake unashika kutu, na tuurudishe leo kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. (Shangazi anaukumbatia mche na chungu chake: "Bibi harusi atasubiri. Mnyanya uliopona msimu huu ni huu tu." Anashuka ngazi.)

Asanteni kwa kunisiki... Shangazi! Shangazi, rudisha mradi!