Maombi kwa Nywele Zangu, Popote Zilipo

Jumatatu, 3 Februari

Kwenu Nywele zangu za utosini, popote mlipo. Kwa heshima na taadhima.

Yahusu: Kurejea.

Mimi, mwenye kichwa mlichokihama, ninafungua shajara hii kwa dhumuni moja tu, nalo ni kuwaomba mrudi kabla ya katikati ya Aprili. Sababu ninaieleza kwa ufupi, kama impasavyo mwombaji mwenye adabu.

Nimemposa Bi Fundi, mwenye cherehani upande wa pili wa barabara. Yeye ni mjane, mimi ni mgane. Nilimposa kwa maandishi, bila kosa hata la mkato. Aliisoma barua pini zikiwa midomoni. Akasema amenielewa, ila kaka yake mkubwa anakuja Aprili, na hawezi kunijibu kabla kaka hajaniona. Sawa kabisa. Utaratibu ni utaratibu. Lakini mbele ya shemeji mtarajiwa mtu huvua kofia. Na chini ya kofia yangu hapana mtu.

Nje ya nyumbani hakuna ajuaye. Miaka yote nimekaa kwenye baraza la ofisi ya ardhi na taipureta yangu, nikiwaandikia watu maombi, kofia ikiwa palepale. Kofia nzuri. Hunishonea Bi Fundi mwenyewe, na hunikaa kama niliyozaliwa nayo.

Anayeshuku ni mmoja tu, mpiga picha za pasipoti ninayekaa naye barazani. Tunamwita Kichaka. Hana kichwa, ana msitu. Huchomeka kitana humo asubuhi, akakisaka mchana kutwa. Leo kaniuliza kama chini ya kofia nafuga njiwa. Nilichapa kwa nguvu zaidi.

Mchana nilisinzia, nikawaona. Mlikuwa mnateremka kutoka mawinguni polepole, mmoja mmoja, kila mmoja na begi lake dogo, kama watumishi warudio kutoka likizo. Mkawa mnauliza mlango uko wapi. Mteja akaniamsha kabla sijawaelekeza.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda duka la dawa. Mfamasia ni binti wa rika la kuwa mwanangu, ana sauti ya mnadi. Nilimweleza kwa upole kwamba ninamwakilisha bwana fulani mwenye upungufu sehemu za juu. Akanijibu, kwa sauti iliyofika mlangoni, kwamba dawa za kipara ziko za aina mbili, baba.

Ya kwanza ni ya kupaka: kipimo kimoja asubuhi, kimoja jioni, ngozi ikiwa kavu. Huweza kuwasha. Huweza kuleta kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na nywele kuota pasipohusika. Tena mwanzoni hata zile chache zilizobaki huenda zikapukutika. Ya pili ni kidonge, kimoja kwa siku. Hicho, akasema, baadhi ya wanaume hulalamika kwamba hupunguza hamu ya ndoa, na wengine huvimba kifua kikawauma. Foleni nzima iligeuka kunisikitikia. Akamalizia kwamba zote mbili ni za miezi, si za siku, na kuzidisha kipimo hakuharakishi kitu.

Nimenunua zote. Ile ya kupaka, chupa mbili. Vidonge nimeviweka kiporo kwanza: dawa ya kumpatia mtu ndoa huku ikimwondolea hamu ya ndoa ni sawa na kumkabidhi ufunguo na kung'oa mlango.

Ama kuhusu kipimo, binti yule hajawahi kushughulika na ofisi. Mimi nimeshughulika nazo ujana wangu wote. Ombi la nakala moja hupotea. Hukaliwa, hufungiwa karanga, huwekewa kikombe juu. Ombi hupelekwa asili na nakala, ndipo litembee. Kwa hiyo chupa moja nimeiandika ASILI, ya pili NAKALA. Nilipaka asili. Ilipokauka, nikapaka nakala. Nitafanya hivyo asubuhi na jioni, bila kukosa.

Jumapili, 23 Februari

Nasikitika kuwaandikia haya. Niliomba walioondoka warudi. Wameondoka hata waliobaki! Mto una nywele. Sabuni ina nywele. Kofia kwa ndani ina nywele kuliko kichwa. Na hakuna aliyeacha barua ya kuaga.

Dada yangu mkubwa, ninayekaa naye tangu nifiwe, aliukung'uta mto dirishani akauliza ni kuku gani nimemnyonyoa kitandani. Nikamfafanulia kwamba hii ni hatua ya kawaida, kwani jengo hubomolewa kwanza ndipo lijengwe upya. Akasema, "Mdogo wangu, wewe hujengi. Wewe unahamishwa."

Ni kweli mfamasia alinionya. Lakini nilidhani anawasema watu wengine.

Mfa maji haachi kutapatapa. Leo nimeanza vidonge. Hamu ya ndoa ninayo nyingi. Ikipungua kidogo, itabaki ya kutosha.

Ijumaa, 7 Machi

Jambo la ajabu na, lazima niseme, zuri. Siku hizi nikisimama, dunia huchelewa kusimama nami. Barabara huinuka pembeni kidogo, kama shuka linalokunjwa na watu wawili. Cherehani ya Bi Fundi husikika kama inashona hewa. Moyo hupiga mbio bila kwenda popote. Nimekuwa mwepesi mno. Nikilegeza macho naelea juu ya baraza, na ninyi mmeota kila mahali: juu ya mabati, kwenye vidirisha vya ofisi, kwenye kibao cha matangazo. Laini. Mnainama na upepo, wote upande mmoja.

Katika hali hiyo alinijia bibi mmoja ambaye jirani yake amemega kiwanja chake. Nikamwandikia. Nilidhani nimemwandikia vizuri. Baadaye karani wa ardhi akatoka na karatasi mkononi, machozi ya kicheko machoni, akaisoma barazani. Kumbe bibi wa watu anaomba mpaka urudishwe ulipokuwa enzi za ujana, yaani karibu na nyusi. Anashtaki kwamba uvamizi umeingilia pande zote mbili za paji, ukabakiza kisiwa katikati. Na anasihi eneo lote lipandwe upya kabla shemeji hajafika.

Kichaka alicheka mpaka kitana kikadondoka. Tena si cha leo, ni kile kilichopotea mwezi jana. Bibi hakucheka. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi nataka kiwanja tu." Nikamwandikia upya, kwa unyenyekevu, huku nimeshika meza isiondoke.

Tangu hapo Kichaka anaitazama kofia yangu kama paka atazamavyo kapu la samaki.

Jumatano, 26 Machi

Mmerudi! Asubuhi ya leo, mbele ya kioo, kwa macho yangu mwenyewe!

Ila si kwenu. Mmeshukia kwa majirani. Mko mashavuni, chini ya macho. Mko masikioni. Mko katikati ya nyusi, mmekaa kikao. Utosi wenyewe bado ni mweupe kama sahani iliyorambwa.

Dada alinitazama kwa muda mrefu wakati wa chai, halafu akauliza kama nitafugwa au nitachinjwa.

Nilirudi kwa mfamasia. Akauliza nimekuwa nikipaka kiasi gani. Nikamweleza habari ya asili na nakala. Akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo.

"Baba, ngozi si ofisi. Ukiipelekea maombi mara mbili, watakujibu hata wasiohusika."

Akaeleza kwamba inayozidi huchuruzika usoni, na nyingine huingia mwilini; hiyo ndiyo inayonipepesua kichwa na kuukimbiza moyo. Akaniagiza niache, nikamwone daktari, na hizo za mashavuni zitadondoka zenyewe zikikosa dawa. Nilimshukuru kwa maneno mazuri.

Njiani nikatafakari. Majibu yamekuja! Hilo hata yeye hakulikana. Ina maana maombi ya nakala mbili yanafanya kazi, ila anwani tu ndiyo iliyokosewa. Tangu jioni hii ninafunga kitambaa juu ya nyusi, kizuie mafuriko.

Jumanne, 8 Aprili

Bi Fundi aliniita dukani anipime koti nitakalovaa siku ya kaka yake. Chumba chake nakipenda. Pasi ilikuwa inapumua mvuke, vipande vya vitambaa vimelala sakafuni kama wanyama wadogo wenye rangi. Nilisimama katikati nikielea. Mabega, sawa. Mikono, sawa. Alipozungusha futi kifuani, nikapiga ukelele.

Kifua kimevimba, Nywele zangu. Pande zote mbili. Hata shati huniuma.

Akasoma futi, akaisoma tena. Akauliza kama nimenenepa au tutarajie kunyonyesha. Nikasema ni mazoezi. Akauliza mazoezi gani, ya kuchapa? Akacheka, nami nikacheka, taratibu, nisije nikajitikisa.

Kisha akataka nivue kofia apime kola vizuri. Nikasema nina mafua. Akasimama nyuma yangu, tukatazamana ndani ya kioo. Alikuwa hacheki tena.

"Zamani ulikuwa unanichungulia kutoka barazani mpaka naona haya," alisema. "Siku hizi unavuka barabara unakuja kutazama kioo changu. Mimi hunioni."

Nilijikagua njiani, na kwa masikitiko naandika kwamba ana haki. Hamu imekaa ndani yangu kama barua isiyo na stempu: imeandikwa vizuri, haiendi.

Koti litakuwa la buluu iliyoiva.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka mtu amekuja. Dereva mstaafu wa malori, mpana, mtu wa maneno machache. Tulikutana sebuleni, nyuma ya duka. Dada yangu alinisindikiza. Kichaka naye alikuwapo na kamera, kwani Bi Fundi alitaka picha ya siku hiyo.

Nilikuwa nimepaka mara mbili kabla ya kutoka, kwa heshima ya mgeni.

Kaka alipoingia niliinuka kwa haraka, kama adabu inavyotaka, na papo hapo nikavua kofia. Dari likavuta pumzi ndefu. Mwanga ukawa wa maziwa. Na ninyi hao, mnakuja, safu kwa safu, mabegi mkononi, mnaimba kwa chini sana. Nikasema karibuni, karibuni, mlango huu hapa.

Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa kimelalia viatu vya shemeji. Kichwa kitupu, hadharani.

Kaka akamwuliza dada yake, kwa utulivu, kama nakunywa pombe. Akaongeza kwamba dada yake hataolewa na mlevi yeye akiwa hai.

Nilikuwa na njia mbili. Nikachagua ya heshima. Nikiwa bado sakafuni, nilimjulisha kwamba naam, mara mojamoja, nyakati za furaha, huwa naonja.

"Mwongo," dada yangu akasema. "Pombe hajui hata harufu yake. Hiyo ni dawa ya nywele. Anajipaka kama ukuta."

Nilimngoja Kichaka acheke. Hakucheka. Alikuwa na kamera mkononi na hakupiga. Aliinama akaokota kofia yangu, akaipangusa vumbi, akanipa. Mgala muue na haki yake mpe.

Kaka akamgeukia Bi Fundi, akamwuliza kama alikuwa anajua habari za kichwa hiki.

"Kofia zake nani anazishona?" Bi Fundi alisema. "Kila nywele zilipopungua nilimpunguzia kofia, isije ikamfunika macho. Kichwa hiki nakijua kumshinda mwenyewe."

Kisha akapiga magoti karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nilimwona. Ana kidoa cheusi juu ya mdomo. Kimekuwapo siku zote.

"Jibu langu ni ndiyo," alisema. "Lakini kesho uniletee hizo dawa nizimwage kwa mkono wangu. Nataka mume anayesimama. Ukizitaka nywele, kaa na nywele."

Kaka akasema hana neno. Nililia kidogo. Machozi yalipita kwa taabu katika zile za mashavuni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimetekeleza. Asubuhi nilivuka barabara nikamkabidhi Bi Fundi vidonge vyote na chupa. Akavitupa, akamimina, akaisuuza chupa, akaigeuza juu chini. Halafu akanivua kofia mbele ya barabara nzima. Jua likanigusa utosini, la uvuguvugu, kama kiganja. Kichaka akaziba macho kule barazani, akapiga kelele kwamba picha za leo zote zitaungua. Nilicheka! Wapita njia walicheka. Bi Fundi akaniambia niende nikaandike tarehe ya harusi, nimletee kabla hajafunga duka.

Karatasi iko kwenye taipureta. Tarehe bado.

Maana chupa aliyoimwaga ni ASILI. NAKALA, kama atakavyowaeleza karani yeyote, haitoki ofisini. Hubaki kwenye jalada. Imo sandukuni mwangu, chini ya karatasi za kaboni, na bado haijaisha.

Tena adhuhuri, nilipokuwa nikijitazama kwenye kioo cha Kichaka cha wateja, niliona kitu utosini, katikati kabisa. Chembamba. Kimesimama peke yake, kinayumba na upepo. Huenda ni uzi wa lile koti. Sikukigusa.

Basi, Nywele zangu, baada ya maelezo hayo yote: Bi Fundi anangoja tarehe, nami ninawangoja ninyi. Mkisema mnarudi, nitamwandikia tarehe ya mbali kidogo. Mkisema hamrudi, ya karibu. Mlango wa duka lake bado uko wazi, taa inawaka, anapiga pasi.

Mnarudi, au hamrudi?

Naomba uamuzi.